Safari ya Kumwomba Radhi Mtu Niliyemuua Redioni

Nawaambieni mapema ninyi wa nyumbani Bukoba: sikwenda safari hii kupunga upepo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kutukanwa, na aliyekuwa akinitukana kutwa kucha ni mimi mwenyewe, Adventina, msomaji wa matangazo ya vifo katika redio moja hapa Mwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi mmoja kabla ya safari, ililetwa studio karatasi ya tangazo. Mzee Masanja Lugata, wa kijiji kimoja kando ya ziwa, alikuwa anasikitika kutangaza kifo cha dada yake, Kabula. Mimi na ujuzi wangu wote, nisiyepitia karatasi kwanza kwa sababu ya kujiona nimebobea, nikaruka mstari. Nikatangaza kwamba aliyefariki ni Mzee Masanja. Nikataja na saa ya mazishi, kwa sauti nzuri ya majonzi. Watu wakaacha majembe wakaenda kumlilia, wakamkuta amekaa uani kwake anapokea wageni wa msiba wa dada yake. Jioni kituo kikasahihisha: Mzee Masanja yu hai, tunaomba radhi. Basi.

Toka siku hiyo sikugusa maikrofoni. Bosi nilimwambia mafua yamenishika koo, mara presha, mara hili, mara lile. Kichwani mwangu kulikuwa na tangazo lisilokoma, tena kwa sauti yangu ileile iliyonyooka ya redioni: mjinga wewe, hufai, umeaibisha ukoo mzima. Rafiki yangu Leticia, muuguzi anayefundisha kikundi cha akina mama katika ukumbi wa parokia, alinionyesha namna ya kukaa kimya, kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka, na kusema na nafsi yangu kama ninavyosema na rafiki aliyeumia. Nikamcheka.

"Leticia, huko ni kudeka. Mkosaji habembelezwi."

"Kwani ukijichapa ndiyo unasoma vizuri?" akaniuliza. "Mbona sasa husomi kabisa?"

Lilinikera swali lile. Nikasema potelea mbali, nakwenda kwa huyo mzee mwenyewe, anifanye atakavyo.

Saa moja asubuhi, Mkolani. Nilitoka nyumbani na kikapu chenye sukari na mchele, maana kwenye msiba huendi mikono mitupu, hata kama msiba wenyewe umeuvuruga wewe. Jirani yangu akaniuliza mbona nimevaa kama ninayekwenda mahakamani. Nikamwambia ndiko ninakokwenda.

Ndani ya daladala ya kuelekea Kisesa niliijaribu ile pumzi ya Leticia. Vuta. Watakufukuzia mbwa. Toa. Na watakuwa na haki. Vuta. Mwanamke mzima hujui kusoma mstari. Nikaacha, nikaangalia dirishani. Nawaambia ukweli, siku ya kwanza ya utulivu wa akili haina utulivu wowote.

Saa tatu kasoro, Kisesa. Nikatafuta bodaboda. Nilipotaja jina la mzee, dereva akageuka akiwa anacheka.

"Masanja yupi? Marehemu?"

"Nani marehemu?" Roho ilinishuka.

"Ndiyo jina lake siku hizi, mama. Marehemu. Ukimwita anaitika."

Nikapanda. Tulipita Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, mahali nilipokuwa natamani siku nyingi kupaona, na sikugeuza hata shingo. Barabara ikashuka kati ya majaruba ya mpunga na mawe makubwa yaliyopandana, halafu ziwa likaonekana, jeupe kwa jua, na dagaa wameanikwa ufukweni. Harufu yake ilinikumbusha kwetu. Nusura nimwambie dereva ageuze.

Saa nne, kwa Mzee Masanja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mrefu, mkavu, kofia kichwani, mzima kabisa. Pembeni yake wanawake wawili: mmoja mnene anapeta karanga, mwingine amechutama anachochea moto. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka," akaongeza salamu ya Kisukuma. "Karibu. Wa wapi wewe?"

"Natoka Mwanza, mzee. Mimi ndiye… ndiye wa redio."

Kisha yule mama mnene akatupa ungo chini.

"Lo! Kumbe muuaji ndiye huyu! Umemuua ndugu yetu kwa mdomo mtupu, hata rungu hukushika! Kabila gani wewe?"

"Mhaya, mama."

"Mhaya!" Akapiga kigelegele. "Si ndio ninyi mliosoma dunia nzima? Na karatasi moja imekushinda! Ungekuwa unatafuna senene ungeruka hata mmoja?"

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. "Nyamaza wewe, Mama Kija. Wewe uliyekuja kunililia, ukalia jicho moja, la pili linatafuta sufuria liko wapi."

"Nirudishie basi machozi yangu, Marehemu. Niliyatoa nikijua umekufa kweli."

Mzee akanigeukia akiwa bado anafuta macho. "Usimwogope. Huyu ni mtani wa ukoo wetu. Kazi yake msibani ni kutusema vibaya. Mtani hanuniwi. Unamsikia, unamjibu, unaendelea kula."

Angalieni basi nilivyofanya mimi. Mahali ambapo mtu mwenye akili angecheka, nililia. Nilijitupa chini nikaanza: mimi mjinga, mimi sifai, nipigeni, nifukuzeni, sistahili hata maji ya kunywa kwenu. Mama Kija akasahau utani, akaja kunishika mabega. Mzee mwenye msiba wake akainuka kwenye kigoda chake anipishe nikae. Wakaleta maji. "Pole mama, pole, usilie." Nami, aibu iliyoje, nikazidisha.

Ndipo aliyekuwa anachochea moto akasimama. Aliitwa Nkwimba, mtoto wa kwanza wa marehemu Kabula.

"Dada, naomba nikuulize," alisema, na hakupandisha sauti. "Umekuja kutupa pole, au umekuja tukupe pole wewe?"

Machozi yalikauka hapohapo.

"Aliyekufa ni mama yangu. Redio ilisema mjomba amekufa. Jioni ikasema mjomba hajafa. Mama yangu je, nani alimtangaza? Ana shoga zake huko Ukerewe, alikoolewa ujanani. Namba zao sina. Alikuwa ananiambia, siku nikifa hao wataogelea kuja kunizika. Mpaka leo hawajui. Sasa umekuja, unalia, na mjomba amesimama juani kwa ajili yako."

Ile sauti ya kichwani ilirudi mbio kama iliyoitwa: unaona? Unaona wewe ulivyo? Ikawa inataka nilie tena, nijitukane zaidi, watu wanishike tena mabega. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoipandia hasira. Mwezi mzima nilidhani huku kujipiga ndiyo toba. Kumbe nilikuwa nimejifungia ndani na nafsi yangu, tunagombana sisi wawili, na Kabula wa watu amelala kaburini bila kutangazwa!

Nikaondoka kwenye kigoda, nikamrudishia mzee, nikakaa chini. Nikavuta pumzi. Nilisikia udongo wa moto chini ya miguu, nikasikia kuni zinalia, nikasikia moyo unavyodunda. Nikajiambia kimoyomoyo, pole Adventina, umekosea, inauma, sasa msikilize mwenzio. Nilijisikia mpumbavu kusema vile, na nilisema hivyohivyo.

"Niambie habari za mama," nikamwambia Nkwimba.

Alinikazia macho kwanza. Kisha akaniambia. Mama yake alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu, mkali, hapendi mtu kumshauri rangi. Alikuwa anakwenda kanisani na kurudi akimsahihisha katekista. Mguu wa kushoto ulimuuma miaka mingi na hakutaka fimbo. Nilisikiliza mpaka mwisho, bila kujitetea na bila kujitukana. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Msome mama," alisema alipomaliza. "Wewe mwenyewe, asiwe mwenzako. Sauti iliyokosea ndiyo irekebishe."

Utakosea tena, ikasema ile sauti. Safari hii niliichukua kama mzee anavyomchukua Mama Kija. Nyamaza wewe, nikaijibu, nikikosea nitarudia.

"Nitamsoma kesho, saa saba mchana," nikamwambia Nkwimba. "Nifungulieni redio."

Saa saba tukala, ugali wa muhogo na sato. Nilikula vizuri, na Mama Kija hakuniacha. "Shindilia, Mhaya, usije ukafika mjini ukajitangaza umekufa njaa." Nikamjibu kwamba kwa namna anavyonyang'anya minofu, tangazo litakuwa la wote pale kwenye sinia. Alifurahi huyo, akanifungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nitafune njiani.

Saa tisa niliaga. Mzee Masanja alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mkono. Nkwimba hakunikumbatia wala hakusema amenisamehe. Alisema, "Saa saba kesho." Yalinitosha.

Kesho yake, Mwanza. Nilimkuta bosi nikamwambia koo langu limepona, na kwamba sikuwa mgonjwa, nilikuwa na woga. Niliipitia karatasi ya Kabula mara tatu, kidole juu ya kila mstari. Sitawadanganya kwamba pumzi ilinifanya jasiri. Ilinifanya nikae kwenye kiti, basi.

Nikasoma. Katikati ya jina la baba yake ulimi ukateleza. Zamani ningejifanya sikusikia. Nikasema hewani, "Samahani wasikilizaji, narudia," nikarudia: Kabula binti Lugata, msukaji wa mikeka, mama yake Nkwimba, dada yake Mzee Masanja aliye hai, amefariki na amekwishazikwa, na aliyetangaza vibaya siku ile ni mimi. Studio haikuanguka.

Wako watakaosema tena kwamba mtu kujionea huruma ni kudeka. Waje waniambie usoni. Mwezi niliojitukana sikumfaa mtu yeyote, na siku niliyojipa pole ndiyo niliyorudi kazini. Sitanyamazishwa tena, hata na mimi mwenyewe.

Kabla kipindi hakijaisha simu ya studio ikalia. Alikuwa bibi mmoja, anapiga kutoka Ukerewe.

"Wewe ndiye uliyesoma? Huyo Kabula, ni huyu wangu wa mikeka? Mwenye mguu mbovu?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo. Pole sana."

Nilimsikia anapumua.

"Nilimtumia salamu na mtu wa kivuko," akasema. "Nikawa namnunia kwamba hajibu."

Akaanza kulia. Nikakaa naye kwenye simu mpaka alipomaliza, na sikusema lolote kuhusu mimi.