Mmishonari Aliyebisha kwa Kufuli

Waithira wa Kagiri alikuwa na sauti ya kwaya, moyo wa shangazi mwema, na mkono wa mwenye ploti. Sauti na moyo vilimpeleka misheni. Mkono ndio uliokaribia kumrudisha nyumbani.

Alizaliwa Riruta Satellite, akaolewa Kawangware, umbali ambao bibi harusi anaweza kuutembea na viatu vyake vipya bila malengelenge. Mumewe Kagiri alirithi shamba, na shamba lile, kama mengi ya Kawangware, lilikuwa limeacha kuota mahindi likaanza kuota vyumba vya mabati vya kupangisha, yaani ploti. Kagiri ni mpole kupita kiasi. Akienda kumdai mpangaji kodi, anaishia kumwomba msamaha kwa kumsumbua. Basi kazi hiyo ikawa ya Waithira. Kila mwisho wa mwezi alipita mlango kwa mlango na kufuli kubwa mkononi, akigonga mabati: kong, kong, kong. Hakusema neno. Kufuli lilisema lote: lipa, ama nifunge. Kweli hakuwahi kumfungia mtu hata siku moja, na wapangaji walimsifu sana kwa hilo, wakiwa wamejificha.

Jumapili aliimba. Kanisa lao, lenye jina refu kuliko jengo lenyewe, lilikuwa na ndoto kubwa: kutuma familia ya kimishonari ng'ambo. Mzee Gikonyo, mwenyekiti wa kamati ya misheni na bwana wa ploti tatu, aliieleza ndoto hiyo kila mwaka huku akilia: "Wazungu walituletea Injili, halafu wakaisahau kwao. Turudishe mzigo wa wenyewe!"

Wakachaguliwa Kagiri, Waithira na binti yao Joan, msichana wa kidato cha nne mwenye ulimi mrefu. Nchi yenyewe ilikuwa mbali, ya theluji tupu. Mbuzi akachinjwa. Mikono ikawekwa vichwani. Kagiri akanunuliwa koti la baridi pale soko la Toi, koti zito hivi kwamba akilivaa alionekana kama mtu aliyekamatwa. Kisha ubalozi ukawanyima viza. Wakaomba tena, wakanyimwa tena. Mungu alikuwa amewaita, lakini karani wa dirishani hakuwa ameambiwa.

Hebu fikiria aibu hiyo. Mtu aliyeagwa kwa mbuzi mzima hawezi kuonekana Jumatatu kibandani akichagua sukuma wiki. Wakajifungia nyumbani, mapazia chini, wakimtuma Joan dukani na kofia. Ni Waithira aliyechoka kujificha akaenda mbele ya kamati.

"Mzee, mlisema tutumwe wapi?"

"Ng'ambo," akajibu Mzee Gikonyo.

"Ng'ambo ya nini?"

Kamati ikatazamana.

"Ng'ambo ni ng'ambo, Mama Joan. Ng'ambo ya bahari."

"Bahari hamkuitaja. Mimi naiona Ngong Road. Ukiivuka, uko ng'ambo. Na kule ng'ambo kuna Kibera."

Mzee Gikonyo akacheka mpaka akatafuta leso. "Mama Joan! Kibera kuna makanisa kuliko vyoo."

"Basi tutaanza na choo."

Walikubali, hasa kwa sababu mbuzi hangeweza kurudishwa. Lakini Mzee Gikonyo aliweka sharti: miezi mitatu, kisha kamati ingekuja kuangalia. Wakikuta chumba cha misheni hakina hata jirani mmoja ndani, misheni imekwisha, familia irudi Kawangware na neno ng'ambo lisisikike tena kanisani.

Wakapanga chumba kimoja Kambi Muru, ndani ya Kibera. Joan aliangalia ukuta wa matope, akaangalia mamake.

"Mathe, sisi ni mamishonari ama tumefulia?"

"Yote mawili. Shika godoro."

Kagiri hakuhubiri. Kila asubuhi alichukua brashi na ndoo akaosha choo cha ploti, akiimba kwa sauti ya chini, na kumwomba radhi yeyote aliyekuwa akingoja nje kwa kumchelewesha. Lile koti la theluji alimwazima jirani mmoja aliyekuwa bawabu, maana Julai ya Nairobi haina huruma. Koti lilizunguka ploti nzima. Mpaka leo watu wa Kambi Muru wanakubaliana kwamba koti lilihubiri vizuri kuliko mapasta wote wa mtaa, tena bila spika.

Waithira ndiye aliyeenda milangoni. Biblia kwapani, kufuli mkononi, kwa sababu mkono ule haukuwa umejua kugonga kwa kitu kingine. Kong, kong, kong.

Kimya. Redio ikazimwa ghafla. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamazishwa katikati ya kilio. Moshi ulitoka chini ya mlango, harufu ya omena pia, lakini mtu hakutoka. Mlango wa pili, kimya. Wa tatu, kitu kikaanguka ndani, kisha kimya zaidi. Waithira aliwasikitikia. Watu wa huku wanafanya kazi sana, alimwambia mumewe, mpaka watoto wachanga hawashindi nyumbani.

Wiki zikapita hivyo. Jioni moja alikalia ndoo, akavua kitambaa cha kichwa.

"Baba Joan, mimi siombi umati. Naomba mlango mmoja ufunguke. Mmoja tu."

Jibu lilikuja penye bomba la maji. Kwenye foleni alisimama na Nasike, mshonaji wa nguo kutoka upande wa Bungoma, yule yule ambaye mumewe bawabu ndiye aliyekuwa na koti wiki ile. Wapangaji walimwita Mama Wakoli. Alipenda kuongea, tena hakujua kunong'ona.

"Mama Joan, mzee wako anaosha choo mpaka mtu anaona haya kukitumia. Lakini mjichunge. Tumeletewa keateka mpya wa kudai kodi, shetani kabisa. Hangoji mwisho wa mwezi. Kila siku anapita na kufuli, kong kong kong! Jana nilikaa chini ya kitanda mpaka ugali ukaungua."

Waithira akaweka mtungi chini.

"Anapitaga saa ngapi?"

"Asubuhi, watu wakimaliza chai."

"Mama Wakoli."

"Eeh?"

"Ni mimi."

Nasike alimtazama. Kisha kicheko kikamshika, akakaa chini kwenye matope na sketi yake ya Jumapili, foleni yote ikigeuka kuangalia.

"Wewe! Yesu unamleta na kufuli? Anakuja kutufungia?"

"Sasa nibishe aje?"

"Kwani kwenu mnabisha aje?"

Waithira akafikiri. Kwa marafiki zake kulikuwa na geti, na getini kulikuwa na kengele. Kwa wapangaji kulikuwa na kufuli. Katikati hapakuwa na kitu.

"Unasema hodi," Nasike akasema, akijipangusa. "Halafu unataja jina. Halafu unangoja. Wewe kazi iko hapo kwa kungoja."

Kesho yake alitoka mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi, akaishia kuishika kama mwanakwaya. "Hodi. Ni Mama Joan, bibi ya yule wa choo." Akangoja. Kitasa kikalia. Uso mmoja ukachungulia, ukacheka, ukasema ingia basi, chai iko.

Alikunywa chai nyingi mwezi huo. Hakuhubiri sana, wenye nyumba walikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Alijua mtoto yupi anakohoa na bibi yupi hajasikia habari za mwanawe. Jumamosi wanawake walianza kuja chumbani kwake kuimba na kula githeri, wengine wakifuata wimbo, wengine githeri, na Waithira hakuuliza nani anafuata nini.

Kamati ilikuwa imeahidi kuja Jumapili. Ikaja Jumamosi, labda kumfumania Roho Mtakatifu kabla hajajipanga. Tena ilikuwa mwisho wa mwezi. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake hadi kitandani, na Kagiri kwenye kona akimenya viazi, mlango ulipolia.

Kong, kong, kong.

Wimbo ukakatika kama umeme. Nasike akaziba mdomo wa mwanawe. Mmoja akajisukuma nyuma ya pazia, kiuno kikabaki nje. Kagiri akashusha kisu polepole. Ila sufuria ya githeri juu ya jiko haikujua mambo ya kodi: mfuniko wake ulicheza, tak-tak-tak-tak, ukiwasema wote. Waithira akaunyanyua kwa vidole vitupu. Ulikuwa moto. Akang'ata mdomo, akaushikilia hewani, asiuachilie. Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Miaka yote alikuwa amesimama upande ule wa mlango; hakuwahi kujua kwamba upande huu watu huacha hata kumeza mate.

"Nilijua," ikasema sauti nje. "Hakuna mtu. Twendeni, misheni imekufa."

Mzee Gikonyo! Alikuwa ametoka kukusanya kodi zake, na kufuli lake akaja nalo.

Waithira akikaa kimya, wangeondoka, na kila kitu kimeisha. Akikimbia kumfungulia, wanawake hawa wangeona kwamba kufuli ndilo bosi hata hapa kwake. Mfuniko ulimchoma. Akamtazama Nasike, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya kwaya:

"Anayebisha aseme hodi!"

Nje hatua zilizokuwa zikiondoka zikarudi mlangoni.

"Mama Joan? Ni wewe? Fungua, ni kamati!"

"Kwani kamati haina hodi?"

Joan akazika uso kwenye blanketi. "Mzee amewekwa mahali pake," akanong'ona.

Nyayo zikasogea-sogea. Kitu kizito kikasikika kikitumbukizwa mfukoni. Koo likasafishwa mara kadhaa, koo la mtu mwenye ploti tatu ambaye hajawahi kuomba kuingia kwenye chumba cha mpangaji. Hatimaye, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa chumvi:

"Hodi... Ni Gikonyo."

Waithira akaenda kufungua. Nasike akamshika gauni. "Angoje kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani alijua kunong'ona.

Wakamngojesha. Waithira alitumbukiza vidole kwenye maji, akavipuliza, akafunga kitambaa chake vizuri. Kisha sauti zote chumbani zikatoka kwa pamoja: "Karibu!"

Mlango ukafunguka. Ni mlango mfupi, na Mzee Gikonyo ni mrefu. Akavua kofia, akainama, akaingia ng'ambo.