Mpepeta mchele wa Kariakoo na ungo wa Severa

Saa mbili asubuhi haijagonga, lakini Hyasinta Komba ameshamtilia shaka mchukuzi aliyeshusha gunia la mchele, kwa sababu mshono wake umelegea. Mzani nao ameutilia shaka. Sasa ni zamu ya mwandishi wa makala haya.

“Kweli wewe si mtu wa manispaa?” anauliza, macho yakiwa kwenye mkoba wa mgeni.

Akiridhika nusunusu, anavuta kigoda na kufungua gunia. Hapa ni uani, nyuma ya duka la nafaka la jumla, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Kazi yake ni kutenganisha mchele na kila kisicho mchele. Anapitisha sumaku aliyoing’oa kwenye spika mbovu, inaibuka na vipande vya waya. Chekeche linadondosha chenga. Vijiwe vyenye ukubwa wa punje anavichagua kwa vidole.

Mwisho anapandisha ungo begani na kumimina mchele mbele ya feni ya kusimama. Punje zinaangukia turubai, pumba zinapeperuka hadi sakafuni. Kitufe cha feni hiyo kimebandikwa utepe wa gundi, kisitoke namba moja.

“Hapo asiguse mtu,” anasema kwa ukali.

Kazi hii humpatia kama shilingi elfu nane kwa siku, na ndiyo inayomsomesha bintiye Clotilda, aliye kidato cha tatu. Juu ya hapo ipo desturi ya uani: kinachoanguka nje ya turubai ni cha mpepetaji. Jioni hukifagia, akakipeleka nyumbani na kukitia kwenye sufuria ya maji. Pumba huelea, akazimwaga. Kisha huutikisa mchele na kuuhamishia chombo kingine kidogokidogo pamoja na maji, mpaka mchanga na mawe vibaki peke yake chini. Wali wa nyumbani kwake hutoka humo.

Desturi hiyo ni nzuri kwa mwenye njaa, ila inamkosesha usingizi mwenye duka. Baada ya Pasaka, makapi yanayofagiwa yalianza kuwa na mchele mzima, tena mwingi.

“Nikaona ndoo zinatoka hapa zimejaa,” anasema mwenye duka, Elisaria Mmari, ambaye mtaa mzima humwita Mangi. “Nikajiuliza, hawa wananisafishia au wananihamisha?”

Wakati huo wapepetaji walikuwa wawili. Mwingine alikuwa Severa Ndunguru, mtu wa Mbinga kama Hyasinta. Kwa miaka walikaa vigoda ubavu kwa ubavu, wakigawana chai na kuombana chumvi. Mangi aliwaambia waziwazi kwamba akimjua anayemwaga mchele makusudi, huyo ataondoka, na asipomjua wataondoka wote.

Kuanzia hapo uani hapakukalika. Kila mmoja alipepeta huku akimchungulia mwenzake.

“Severa alikuwa anarusha juu sana,” anasimulia Hyasinta. “Nikasema aah, ndiyo huyu. Nilimfikiria mwanangu na ada ya shule, nikaenda kumwambia Mangi. Nilisema kwa sauti, wateja wakasikia.”

Severa hakubishana. Alitundika ungo wake kwenye msumari wa ukutani, akafungua kanga ya kazi kiunoni.

“Akaniambia, ‘Haya, mwenzangu, kaa nao huo mchele.’ Basi.”

Kesho yake umeme ulikatika, na siku iliyofuata hivyohivyo. Hyasinta akapepeta kwa mikono, na makapi yakawa pumba na vumbi tu. Mangi akamnunulia soda. Naye akainywa kwa raha zote, akiamini kwamba mwizi ameondoka.

Kisha umeme ukarudi, na Mangi akaiwasha feni. Aliinunua baada ya Pasaka ili kazi iende haraka, na siku zote aliiweka namba tatu. Jioni Hyasinta akachukua ufagio, akainama, akakuta sakafu imejaa mchele.

“Nilikuwa peke yangu. Nikaitazama mikono yangu mwenyewe,” anasema. “Niliogopa, ndugu yangu. Nikafikiri niufiche nisionekane.”

Hakuuficha. Alimimina kiganja cha mchele mbele ya feni ikiwa namba tatu, punje nyepesi zikaruka na pumba hadi nje ya turubai. Akaishusha hadi namba moja, na pumba zikaenda peke yake. Ndipo alipomwita Mangi aje aone.

Mangi anakumbuka alichomjibu. “Nilimuuliza, sasa mwizi ni feni, au ni wewe unayeijua feni?”

Hata hivyo ndiye aliyeibandika gundi kwa mkono wake. Tangu hapo hupita uani kila baada ya muda, akijifanya anatafuta kamba.

Severa hapokei simu. “Inaita mpaka inakata,” anasema Hyasinta, na sauti inamshuka. Inamuuma, na hafichi. Kila asubuhi huuteremsha ungo ule ukutani, akaufuta vumbi na kuurudisha.

Mangi amekubali Severa arudi, kwa sharti kwamba wakae wakitazamana. Jumapili hii, baada ya misa, Hyasinta amepanga kwenda Keko, anakoishi Severa, na ungo huo. Anataka majirani wawepo, kwa kuwa naye alimsingizia mbele za watu.

Na asipofungua mlango?

“Nitakaa hapohapo kibarazani, atatoka tu,” anajibu, akitoa kijiwe kwenye mchele na kukitupa. “Nitamwambia, mwenzangu, rudi, kaa mbele yangu uniangalie mikono. Niangalie kutwa nzima. Sitasema neno.”