Gundi na Viatu vya Bwenini

Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti tu. Mtaani kote binti huyo aliitwa Gundi, kwa sababu mbili: alimsaidia mjomba wake fundi viatu kibandani, na akishika jambo haliachii. Hiyo ya pili ndiyo iliyomchosha mama yake.

Barua ya chuo ilipofika, ikisema amekubaliwa kusomea upimaji wa ardhi, Gundi aliisoma kwa sauti mara tatu. Mama, aliyekuwa akifua nguo za watu uani, alijifuta povu mikononi.

"Ada wameandika wapi?"

Ilikuwa ukurasa wa pili. Mjomba aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ada haikupungua.

"Mpwa wangu, hata nikiuza kibanda, na mimi nikiwa ndani, haifiki nusu."

Chuo kilikubali kumshikia nafasi kwa mwaka mmoja, na Gundi akaingia kazini kweli kweli. Mjomba hakupenda viatu vya kike. Alidai visigino virefu vinamtia kizunguzungu. Gundi akaviomba vyote. Kisha akaanza kupita kwenye mabweni ya chuo kilekile kila Jumamosi, gunia begani, akiita mlango kwa mlango, "Nani kiatu chake kinacheka?" Kila jozi aliifunga uzi wenye kikaratasi cha namba ya chumba, na Jumatatu alfajiri alirudisha.

Shangazi alipomkuta kibandani amezungukwa na viatu vya wavulana, alishika kiuno. "Wenzako wanaletewa barua za mapenzi, wewe unaletewa harufu za soksi!"

"Harufu zinalipa, shangazi."

Mambo yalienda vizuri mpaka Jumatatu moja alipochanganya viatu vya jozi mbili. Kijana mmoja akaingia kwenye mtihani na viatu viwili vya mguu wa kushoto, kimoja cheusi, kingine cha kahawia, akitembea kama anayepiga kona muda wote. Gundi alipogundua kosa alitimua mbio hadi chuoni, akamsubiri mlangoni kiatu cha kulia mkononi, akihema. Hapo ndipo mlezi wa wanafunzi, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alipomkamata.

"Wewe binti, unafanya nini mlangoni pa mtihani?"

"Narudisha mguu wa mtu, mama."

Mlezi alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipomhoji zaidi, akajua kwamba fundi huyu ana nafasi chuoni hapo ila hana ada. Akampa fomu za mfuko wa kusaidia wanafunzi. Gundi alizijaza kwa mwandiko mzuri mno, isipokuwa alama moja ya kidole chenye gundi iliyokataa kutoka.

Kwenye usaili, mwenyekiti wa kamati alimuuliza, "Waombaji ni wengi. Kwa nini tukusaidie wewe?"

"Kwa sababu siombi yote. Nusu nimeshaitafuta mwenyewe. Nipeni nusu iliyobaki, na kila mwaka nitakuja na nusu yangu."

Walimpa. Wanasema mwenyekiti alimsindikiza hadi nje ili amwonyeshe soli yake, lakini Gundi hukataa kuthibitisha.

Miaka mitatu alisoma mchana na kushona jioni. Haikuwa rahisi. Siku moja alisinzia darasani, na mwalimu alipomwita ajibu swali, alikurupuka akasema, "Njoo Jumatatu, kitakuwa tayari!" Wenzake walimtania kwa hilo hadi mwaka wa mwisho. Lakini nusu yake haikuchelewa hata muhula mmoja, na alama zake zilikuwa za kumfanya mama azibandike ukutani juu ya beseni.

Siku ya mahafali mama alilia tangu nyumbani, ili, alisema, akifika awe amemaliza. Hakumaliza. Mjomba alikuja na suti ya kuazima na viatu vyeusi vinavyong'aa hadi Gundi akashtuka.

"Mjomba, umenunua lini?"

Mjomba alivuta miguu chini ya kiti. "Punguza sauti. Ni vya yule bwana wa safu ya mbele. Vina mwezi mzima kibandani, hajaja kuvichukua."

"Na akigeuka?"

"Nitamwambia navifanyia majaribio."

Jina la Gundi likaitwa, lile la kwenye vyeti. Familia nzima ilichelewa kupiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba ni yeye.