Mimea Iliyofungua Dirisha

Kanini Mbaluka hajawahi kuona haya kujisifu. Jina lake kwa Kikamba maana yake ni mdogo, lakini mwenyewe ni mwanamke wa kimo na mabega, na sauti yake huwafikia watu ngazini kabla hawajafika ghorofa ya tatu anakofanyia kazi. Saluni yake iko nyuma ya Mtaa wa Tom Mboya, katikati ya jiji, katika jengo ambalo kila ghorofa imekatwakatwa kwa mbao ikawa vijiduka vya kumtosha mtu na bidhaa zake. Ukimuuliza amefikaje hapo, atakujibu, "Kwa mikono hii," kisha ainyooshe uione.

Na kweli ni mikono. Alikuja Nairobi kutoka Makueni akijua kusuka tu. Akasuka katika saluni za wengine, akajifunza dawa za kulainisha nywele, akajifunza kushona wigi, na kucha za jeli zilipoingia mjini akawa miongoni mwa wa kwanza pale ghorofani kuzijua. Akafungua yake. Akamsomesha mwanawe Muli, akapanga nyumba nzuri Uthiru. Hadi leo mteja akimaliza kutengenezwa, Kanini humgeuza mbele ya kioo na kumwambia, "Jiangalie sasa. Nani kakutengeneza?" Na mteja lazima ajibu.

Kitu kimoja hakuwa akikiona, kwa sababu alikuwa amekizoea, nacho ni hewa ya mle ndani. Mgeni akiingia alipokewa na harufu kali ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na joto la draya, na vumbi jeupe la kucha zilizosagwa na mashine, limeelea kama unga kwenye posho mill. Dirisha lilikuwepo, moja la vioo viwili vya kusukuma kando. Lakini mwenye jengo alipogawa vyumba, ukuta wake wa plaiwudi ulikuja kuishia katikati ya dirisha hilo. Nusu ikawa ya saluni, nusu ya jirani, fundi wa simu aitwaye Haron. Kioo cha Kanini kingeweza kufunguka tu kwa kusogea upande wa Haron, na Haron alikuwa amepigilia misumari kwenye reli tangu siku wezi walipopenyeza fimbo yenye ndoano kutoka paa la jengo la jirani na kumvulia simu za wateja. Baadaye akatundika makava ya simu juu ya kioo hicho, na Kanini kwa upande wake akasimamisha kabati la wigi. Basi dirisha likasahaulika.

Aliyelipa gharama ya kusahau huko ni Jackie.

Jackie alikuwa msichana wa Mutuini, mpole, mwenye mkono mwepesi wa kucha kuliko mtu yeyote aliyepita katika saluni ile. Kanini alimfundisha mwenyewe na alimpenda kama binti yake. Jackie alianza na kikohozi kidogo cha kujisafisha koo. Kikawa cha kila siku. Kila wiki ilipoelekea mwisho kifua chake kililia kama filimbi, lakini akipumzika nyumbani Jumapili na Jumatatu kilinyamaza. Halafu mchana mmoja, mteja akiwa ameweka vidole mezani, Jackie aliinuka ghafla, akashika meza, akafungua kinywa na pumzi isiingie. Kanini hakungoja mtu. Alimbeba mgongoni, akashuka naye ngazi zote hadi barabarani, huku akipiga kelele wapishwe njia.

Kwenye kliniki, daktari alimpa Jackie dawa ya kuvuta, na alipotulia akawaeleza wote wawili. "Hii ni pumu, na kazi ndiyo inayoichochea. Kama mahali pale hapapati hewa, itabidi atafute kazi nyingine."

Kanini alihisi ametukanwa. "Daktari, saluni yangu ni safi. Sakafu yangu unaweza kulia chakula."

"Sikusema ni chafu, mama," daktari akajibu. "Nimesema haipumui."

Jackie akaenda kukaa kwao Mutuini. Kanini akaajiri mtu wa muda, lakini kila alipoitazama ile meza ya kucha moyo ulimchoma. Mwanamke aliyezoea kusifiwa hakujua aweke wapi neno lile la daktari.

Siku moja redioni akasikia watu wakizungumzia mimea ya ndani ya nyumba, kwamba husafisha hewa na kutuliza akili. Mmoja wao akaeleza mmea wa majani marefu magumu, yaliyosimama wima kama panga, yenye mabaka ya kijani na kijivu. Kanini akaacha kuchana. Mmea huo aliujua. Alikuwa ameuona Westlands, alipokwenda kumtengeneza nywele bibi harusi mmoja, umesimama kwenye chungu cheupe mapokezini, umefutwa unang'aa. Na kabla ya hapo alikuwa ameuona maisha yake yote, huko kwao, umejiotea kati ya mawe, mbuzi wakiupita bila hata kuugeukia.

Alipokwenda Makueni kumsalimia mama yake, alichukua jembe akaingia kichakani. Mama yake akamfuata, mikono kiunoni.

"Kanini, hayo unachimba ya nini?"

"Napeleka Nairobi, mwaitu." Ndivyo Wakamba wamwitavyo mama.

"Nairobi hakuna kamba?" Maana wao walikuwa wakiyaponda majani hayo, wakitoa nyuzi na kusokota kamba za kufungia kuni na za kusukia viondo.

"Si ya kamba, mwaitu. Huko yanawekwa kwa nyumba, watu wanayatazama."

Mama akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe. Kisha akainuka, akamwonyesha pale yalipokuwa yamenenepa zaidi.

Saluni ikabadilika sura. Kanini alipanda mimea ile katika vyungu alivyovipaka rangi mwenyewe, akaipanga kando ya vioo, mingine juu ya rafu, akaongeza na ile ya kutambaa iteremke ukutani. Wateja wakapenda. Waliokuwa na haraka wakaanza kukaa, wengine wakajipiga picha. Kanini mwenyewe aligundua kwamba asubuhi, akiimwagilia kabla ya kazi kuanza, mabega yake yalilegea na kichwa kikawa chepesi. Akampigia Jackie simu. "Njoo uone. Hewa imesafishwa, mwanangu."

Jackie akaja. Akazunguka akigusa majani, akitabasamu. Akaketi kwenye meza yake ya zamani akamsaidia mwenzake kupaka rangi. Jua halijateremka bado, kile kikohozi kikarudi. Aliona uso wa Kanini akajaribu kukizuia, akashindwa.

"Mama Muli, maua ni mazuri sana," alisema akifunga mkoba. "Lakini hii kifua yangu bado inakataa. Nisamehe."

"Nikusamehe nini wewe?" Kanini akamjibu, na hiyo ndiyo siku pekee wateja wanakumbuka alifunga mapema.

Kabla ya kufunga, alichukua kitambaa kibichi akaanza kufuta majani, ili tu mikono isikae bure. Kitambaa kikatoka na tope jeupe. Akafuta jani jingine, tope tena. Alikuwa ameyafuta asubuhi. Akakitazama kitambaa, akaitazama meza ya Jackie. Kisha akaiangalia mimea yenyewe vizuri na kuona jambo ambalo furaha ilikuwa imemficha. Mashina yalikuwa yameanza kulainika, na majani yote yalikuwa yameinama upande mmoja, kuelekea kabati la wigi. Huko kwao mimea hii husimama juani, ikipigwa upepo mchana kutwa. Hapa ilikuwa ikitafuta mwanga kwa nguvu zake zote, na mwanga ulikuwa nyuma ya kabati.

Akalisukuma. Kioo kikaonekana, kimejaa vumbi, nusu dirisha, na reli yake ikipita kwenda ng'ambo ya ubao, penye misumari ya Haron.

Asubuhi akaenda kwa jirani. Haron alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, moshi wa lehemu ukimpanda usoni.

"Niaje, Mama Muli."

"Poa, Haron. Ndugu yangu, nimekuja juu ya dirisha. Tulifungue."

Haron hakuinua kichwa. "Dirisha yangu? Wezi walinimaliza, unakumbuka. Hiyo haifunguki mpaka Yesu arudi."

"Na hewa je?"

"Hewa nimezoea. Mimi sina shida."

Kanini anayejulikana angegombana. Lakini safari hii alirudi kwake, akachagua mmea mmoja wenye afya, akauleta na kuuweka kwenye kaunta ya Haron. "Zawadi. Ufute majani kila jioni, na maji kidogo tu." Akaondoka.

Haron aliudharau mwanzoni. Akaupa jina la Mkamba, akawa anawaambia wateja kwamba ameajiri mlinzi. Lakini mtu akikipa kitu jina amekwisha kunaswa. Alipoona umeinama kuelekea kioo, yeye mwenyewe alitoa makava ya simu safu baada ya safu ili upate mwanga. Na akawa anaufuta. Jioni moja akatokea mlangoni kwa Kanini ameshika kitambaa, kijivu kama kimefutia jiko.

"Mama Muli, hii yote imetoka wapi?"

"Kwa kazi yetu, mimi na wewe. Moshi wa lehemu yako na vumbi la kucha zangu. Tofauti ni kwamba jani halikohoi."

Haron akakikunja kile kitambaa. "Mimi kichwa huniuma kila siku," alisema. "Nilidhani ni macho. Nilikuwa nataka kununua miwani."

Kesho yake alichukua koleo akaing'oa ile misumari mwenyewe. Wakamwita fundi wa vyuma akaweka grili yenye wavu mdogo usiopitisha hata kidole, seuze ndoano ya mwizi. Kisha wakakata mbao za juu za ukuta uliowatenganisha, ili kioo cha upande wowote kikifunguliwa hewa iwafikie wote. Dirisha liliposukumwa lilipiga yowe la miaka, vumbi likaanguka, halafu kelele za mtaa zikaingia, na harufu ya mahindi ya kuchoma, na nyuma yake upepo. Makaratasi ya Haron yakaruka. Majani ya kutambaa yakatikisika ukutani. Kanini akasimama katikati ya saluni yake, mikono ameitanua, akawaambia wateja waliokuwa kwenye viti, "Mnasikia? Inapumua!"

Meza ya kucha ikahamishiwa pale dirishani, na feni ndogo ikawekwa ya kusukuma vumbi nje. Jackie akarudi, mara hii na barakoa. Majuma yakapita, dawa yake ya kuvuta ikawa inakaa mkobani tu. Siku ya kwenda kupimwa, Kanini alimsindikiza kwa makusudi. Alikuwa na maneno yake.

"Daktari, unaona? Mimea yangu imemponya."

Daktari akacheka. "Mama, nikuambie ukweli. Vyungu vichache haviwezi kusafisha hewa ya saluni nzima. Vinapendeza, vinatuliza moyo, na hilo nalo ni afya. Lakini kifua cha huyu kimesaidiwa na dirisha."

"Na dirisha limefunguliwa na nani?" Kanini akauliza.

Akamsimulia yote, tangu kitambaa hadi misumari ya Haron. Daktari alisahau kwamba kuna foleni nje. Mwisho akanyoosha mkono na kumpa Kanini pongezi, naye Kanini akaupokea kama mtu anayepokea haki yake.

Habari hazikukaa ndani. Mshona suti wa chumba cha mwisho akaja kuuliza majani ya panga yanapatikana wapi. Muuza manukato akafuata. Kila aliyepewa mche na Kanini alipewa na sharti: uuweke penye mwanga, na penye mwanga pafunguliwe. Makabati yakaanza kusogezwa ghorofa nzima, na madirisha ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba yapo yakatokea. Mama yake alipokuja Nairobi kumwona Muli akihitimu, Kanini alimpandisha ngazi polepole na kumtembeza ukumbini, duka baada ya duka, akimwonyesha watoto wa vile vichaka vyao wamekaa kwenye vyungu vya rangi.

"Mwaitu, yote haya ni yako," alimwambia. Mama hakucheka safari hii. Aligusa jani moja, akamwuliza mshona suti kama analitunza vizuri, na mshona suti akajibu kwa adabu kwamba anajitahidi.

Mwaka huu Jackie amefungua saluni yake Uthiru, karibu na Waiyaki Way. Alikagua vyumba vingi, vingine vizuri kuliko kile alichochagua, lakini katika kila kimoja alitangulia kufungua madirisha na kusimama kimya. Akachukua chenye madirisha mawili yanayotazamana, kilichokuwa kimechakaa sakafu. Wenye nyumba walimshangaa.

Siku ya kufungua, mchungaji aliomba, chai ikanywewa, majirani wakachungulia. Kanini alikuja na gauni jipya na chungu kikubwa kifuani, akakataa kusaidiwa kukibeba. Wageni walipotawanyika yeye alibaki, akisimama mlangoni kama mwenye duka. Mwanamke mmoja wa mtaani akasita nje, akatazama ndani, akamwona yule msichana mpole peke yake na viti vitupu.

"Huyu ataniweza kweli?" akamwuliza Kanini kwa sauti ya chini. "Mimi kucha zangu ni ngumu."

"Huyo?" Kanini akasogea kumpisha. "Ingia ukae. Mimi ndiye niliyemfundisha, na siku hizi ananishinda."