Wifi Alimnyamazisha Mtoto Wangu

Jina langu msiliweke, watu wa Ruiru wanajuana. Nina miaka ishirini na tatu, shule niliachia darasa la nane, na naishi Gatongora na binti yangu Shiru wa miaka mitatu. Baba yake yuko Amerika kwa masomo. Hajawahi kumsikia mtoto wake akiongea.

Krismasi jirani yangu mwenye kamera ya harusi alituchukua video. Shiru akaimba, akasema, "Baba, kuja nyumbani." Nami kwenye kanda hiyohiyo nikamweleza mume wangu kwamba cherehani aliyoniachia, ile inayotulisha, dada yake wa Makongeni aliibeba na hajarudisha. Sikumtukana mtu.

Kanda zetu hazichezi kwa mashine za video za Amerika, mpaka fundi azihamishe kwa kanda ya mtindo wa huko. Wifi huyohuyo wa Makongeni akaniambia, "Mama Shiru, wewe kaa na mtoto, mimi namjua fundi Kahawa Wendani." Nikamshukuru, hata chapati nikampikia!

Barua ya mume wangu iliyorudi ilinikata maini. "Kanda haina sauti. Dada anasema wewe ndiye uliyeomba itolewe, kwa sababu Shiru haongei na unaona haya. Nataka mtoto akae kwa dada apate matibabu." Shiru haongei? Huyu anayegombana mpaka na kuku!

Nikamwuliza wifi. Akacheka. "Kamera ya jirani yako ni takataka. Kubali tu."

Nikaenda kwa jirani tukaicheza kanda yenyewe, ile wifi alinirudishia baada ya kuihamisha. Sauti safi kabisa. Basi si kamera. Nikambeba Shiru mgongoni mpaka kwa yule fundi. Akanionyesha waya: wa njano unapitisha picha, mweupe unapitisha sauti. Akaihamisha tena nikiangalia, Shiru akasikia sauti yake akaanza kuruka. "Mashine haina shida, mama," fundi akasema. "Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nichomoe mweupe. Nilidhani kanda ni yake."

Wifi hajui nilifika huko. Sasa sikieni. Juzi amejirekodi akiwa na suti ya kanisa, anamwomba kaka yake amtafutie njia ya kwenda Amerika. Na amemtuma nani kwa fundi? Mimi! "Mwambie aangalie sauti vizuri," bila haya.

Kanda zote mbili, yetu yenye sauti na yake, ziko hapa mapajani. Fundi anasema anaweza kuweka picha ya wifi na sauti yetu. Hebu fikirieni: anapanua mdomo kuomba, kinachotoka ni Shiru anaimba, halafu mimi na habari ya cherehani! Nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ama nichomoe tu, huo mdomo utembee bure mbele ya kaka yake. Nataka aonje, haki.

Lakini mume wangu akijua nimechezea kanda ya dada yake, ataamini hata ile ya kwanza niliiharibu mimi, na Shiru ataenda Makongeni. Na bado nampenda. Natumaini atarudi.

Mtu wa kuzibeba anasafiri mwisho wa mwezi ujao. Kila asubuhi Shiru ananiuliza, "Mami, Baba amenisikia?" Mama zangu, dada zangu, nishaurini: waya mweupe wa wifi niuache, ama niuchomoe?