Mishipa ambayo mashine haikuiona

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne, jicho la kushoto la mke wangu lilipojaa damu kwa ndani. Alikuwa anachambua maharagwe uani kwetu Butembo. Alisema anaona moshi mwekundu unashuka, kisha upande ule haukuona kitu tena.

Wiki tatu kabla nilikuwa nimempeleka Beni, mtaa wa Beu, kwa mtu mmoja aliyekuwa na kamera ya kupiga picha sehemu ya nyuma ya jicho. Mke wangu ana kisukari. Kompyuta ya mtu yule ilichora yenyewe mishipa ya damu, mistari myeupe kwenye karatasi nyeusi, naye akaipiga muhuri.

"Mama, mishipa yako iko safi. Enda ulale."

Kwetu karatasi yenye muhuri haibishiwi. Mimi pia sikuibishia.

Sasa lilibaki jicho la kulia. Nilitaka kuliokoa, na nilitaka yule mtu aaibike mbele ya watu. Siwezi kusema ni lipi nililiwaza zaidi.

Mimi ni fundi wa redio. Shule niliiachia darasa la sita. Mengine nilijifunza katika vitabu vya Kifaransa vilivyouzwa sokoni kwa kilo. Picha zenyewe tulikuwa tumepewa kwenye CD. Nilizifungua, nikaanza kuchora mishipa kwa kalamu, mmoja baada ya mwingine. Kalamu yangu ilipata matawi mengi kuliko kompyuta, tena picha zilikuwa na giza. Programu ya namna ile hutafuta mistari myeusi juu ya mahali penye nuru zaidi. Pote pakiwa na giza, inachora mishipa minene tu na kuiacha mingine. Mishipa mipya inayoletwa na kisukari, ile myembamba inayopasuka, ndiyo inayopotea kwanza.

Sababu ya giza niliijua nilipokumbuka betri za yule mtu. Wakati ule barabara ya Eringeti, inayoleta mafuta, haikupitika kwa sababu ya mauaji, mafuta ya jenereta yalikuwa ghali, na kila mtu aliishi kwa paneli za jua. Naye alikuwa amepunguza mwanga wa kamera ili betri zifike jioni, kama sisi sote tulivyopunguza taa nyumbani.

Nilirudi na mke wangu siku ya mawingu, paneli zikikosa jua na benchi lake likiwa limejaa wagonjwa. Nilimweleza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mashini hapana kudanganya, papa," alisema.

"Basi docta, weka jicho yako."

Watu walikuwa wanatuangalia. Hakuweza kukataa; aliweka jicho kwenye kamera yake, nikabonyeza. Karatasi yake ilitoka karibu nyeusi tupu. Mama mmoja muuza ndizi aliishika, akaigeuza juu chini.

"Docta, mbona wewe hauna mushipa? Ulikufa siku gani?"

Benchi zima likacheka. Akaniinamia.

"Tusemee inje, papa."

"Hapana. Tusemee hapa hapa."

Nilipandisha mwanga mpaka mwisho, nikampiga tena, na mishipa ikajaa karatasi. Kisha nikamketisha mke wangu. Katika jicho la kulia kulikuwa na fungu la mishipa myembamba kama nywele. Hakuna aliyecheka tena. Mgonjwa mmoja alirudisha karatasi yake mezani, wengine wakamfuata.

Wiki ile ile tulikwenda Kampala, madaktari wakaichoma mishipa ile kwa leza. Jicho la kulia linaona mpaka leo. La kushoto haliwezi kurudi.

Miezi minne baadaye, benchi lake likiwa tupu, mtu yule alitafuta wa kumuuzia kamera. Nilingoja ashushe bei mara tatu ndipo nikaenda. Aliniomba msamaha mara mbili, nami nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikuongeza hata dola moja. Yeye alikuwa ameinunua dola elfu nne. Mimi nilimpa mia tatu na hamsini. Alipoteza dola elfu tatu mia sita na hamsini.