Mate ya Usiku Mtulivu

Mama yangu alinenepa wakati wa vita, na watu hawakumsamehe. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Bukavu, ambako sisi wote tulikulia, tukapanga nyumba Kamembe, na kila siku alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda kuuza nyanya kule kule alikotoka. Wenzake walikonda kwa wasiwasi. Yeye uso ulimjaa ukawa wa mviringo, tumbo likatangulia mbele, na mafuta yakajikusanya nyuma ya shingo. Miguu tu ndiyo ilikonda. "Maman, Rwanda imekupokea muzuri," walimwambia kanisani, na papa, baba yangu, alitabasamu kwa fahari. Mimi maneno hayo yalinichefua, kwa sababu nilikuwa binti mkubwa, na mimi ndiye niliyemsaidia kuinuka kitini.

Wanawake wa mpakani walikuwa na ujanja wao wa kujifunga vitenge vipya chini ya nguo ili wasilipe ushuru. Siku moja, nikiwa naye, mwanamke wa forodha alimsimamisha akampapasa tumbo.

"Maman, toa bile bitenge."

Mama akasema hana kitu.

"Bantu bote banakonda. Weye umepata wapi hii tumbo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama akatua beseni lake la nyanya, akanyanyua blauzi mbele ya wote. Tumbo lilikuwa na michirizi mipana ya zambarau, kama ngozi iliyochanika kutoka ndani. Kicheko kikakatika. Yule mwanamke akatazama pembeni, akamwambia apite. Mama hakulia pale. Alilia tulipofika darajani, beseni kichwani, mikono yote miwili juu, na hakuweza hata kujifuta. Hadi leo damu hunichemka nikiikumbuka foleni ile.

Nilimlazimisha aende hospitali, huko huko Bukavu, kwa daktari mzee aliyesifiwa na wachuuzi. Alimtazama uso, shingo na miguu, akamgusa mkono uliokuwa ukivilia damu kwa kuguswa tu. Akatuambia anashuku uvimbe mdogo, wa nadra, uliojificha mahali fulani mwilini na kumwaga homoni bila kupumzika. Homoni hiyo kila mtu anayo, alisema, inaitwa kotisoli. Asubuhi hupanda, mtu akaamka. Usiku hushuka, mtu akalala. Kwa mwenye uvimbe haishuki. Kwa hiyo ilibidi mama apimwe usiku, na mpaka ulifungwa jioni.

"Basi tutapima mate," alisema. "Haina hata lazima ya sindano."

Akanipa vichupa vyenye pamba ndani. Mama angetafuna pamba usiku kabla ya kulala, pamba irudi kichupani, ikae mahali pa baridi, kisha imfikie yeye aitume Ulaya kwa mwenzake aliyesoma naye. Nilifurahi. Mate kila mtu anayo, nikajua hapa hatutashindwa.

"Ila, asikuwe na woga ile usiku," akaongeza. "Woga nayo inapandisha hii homoni. Mutafute usiku mutulivu."

Usiku mtulivu! Kamembe ile, na ng'ambo ya ziwa risasi zinalia karibu kila giza likiingia! Nilimtazama nikadhani anatania.

Usiku wa kwanza ulianza vizuri. Mama alikuwa ameshatia pamba mdomoni milio ilipoanza upande wa Bukavu, akaendelea kutafuna hadi mwisho. Tulituma hivyo hivyo. Majibu yalipokuja, kotisoli ilikuwa juu sana, na daktari akatikisa kichwa. Operesheni ya kuutoa uvimbe ingefanyiwa Nairobi, na huko wasingempokea kwa mate ya usiku kama ule.

"Inaweza kuwa ugonjwa," alisema. "Inaweza kuwa vita."

Papa, ambaye alikuwa fundi seremala na mtu wa kushika neno moja, alishika hilo la mwisho. "Ni vita," alimwambia kila aliyekuja kumjulia mama hali. "Vita ikiisha, atapona." Kanisa zima likaitikia. Mama peke yake ndiye aliyekataa.

"Miye sina woga," alisema. "Niko na muchoko."

Hata hivyo papa alihangaika, siwezi kumnyima haki yake. Alihamishia kitanda upande usiotazama ziwa, akatundika blanketi dirishani, akawaomba wanakwaya waliokuja nyumbani kumwombea waombe kwa sauti ya chini, akaenda hadi kwa jirani kugombana na mbwa wake. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Usiku huo malori ya wanajeshi yakapita barabarani kuelekea mpakani, nyumba ikatetemeka, na mama akaitupa pamba chini.

"Batasema tena ni vita," alisema, akageukia ukuta.

Basi nikampeleka Nyakarenzo, kwa mdogo wake, kwenye mashamba ambako ziwa halionekani wala risasi hazisikiki. Njiani alijikwaa, jiwe likamchuna mguu, tukapafunga kwa kitambaa. Kule alikula maharage yaliyoiva vizuri, akamtania mdogo wake kwamba wanawe wakubwa wote bado wanakula kwake, akanyoosha miguu karibu na moto. Saa ya pamba ilipofika vyura tu ndio waliokuwa wakisema. Mama alitafuna huku akicheka.

"Nakula pamba sawa mbuzi," alisema.

Nilikifunga kichupa kile kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu turudi Rwanda nilikuwa na furaha kamili, na nililala kando yake kama mtoto.

Tuliporudi Kamembe mpaka ulikuwa umefungwa. Bukavu walikuwa wakipigana mitaani. Mwenye duka jirani alinikubalia kuweka kichupa katika friji yake, nyuma ya chupa za bia, nami kila asubuhi nilishuka hadi mpakani, wanajeshi wakanirudisha. Wakati huo mguu wa mama ulikuwa umevimba. Mchubuko mdogo ule ulikataa kufunga, ukatoa usaha, homa ikapanda. Hospitali ya upande wetu walimpa walichokuwa nacho. Mwili wake haukuwa na nguvu ya kupigana hata na jiwe. Alifariki mchana, Bukavu ikionekana kabisa kutoka dirishani, karibu mno, na hakuna aliyeweza kuvuka.

Tulimzika. Mpaka ulipofunguliwa, papa aliniambia nikitupe kile kichupa. Nilimjibu vibaya, nikaenda. Daktari mzee alikipokea, akakituma.

Majibu yalipofika alinisomea mwenyewe. Yalikuwa juu, juu kama yale ya kwanza.

"Usiku mutulivu, na homoni haikushuka," alisema. "Ilikuwa uvimbe. Ni ile homoni ilikataza kidonda kifunge."

Nikamuuliza kama operesheni ingemponya. Alivua miwani. "Bengi banaponaka," alisema.

Nilimkuta papa uani, akipiga randa mguu wa kiti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza.

"Sasa haikukuwa vita?" akauliza.

"Hapana, Papa."

"Bangeweza kumutoa ule uvimbe?"

Nilitaka kusema uongo, lakini sikuusema. "Ndiyo," nikasema.

Akaweka randa chini, akaiokota, ikamponyoka. Machozi yalimtiririka waziwazi, na sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya mazishi. Nikakaa chini karibu naye, nami nikalia kwa sauti, kwa hasira, kwa kumtaka mama yangu arudi. Jirani wa kanisani aliyekuwa akipita alitusikia akaingia uani. Alituinamia akamshika papa bega.

"Pole, Papa," alisema. "Hii vita imetumaliza siye bote."

Papa alinitazama kwanza, macho yakiniomba ninyamaze, kisha akainua uso.

"Ndiyo, Maman," alimjibu. "Ni vita."